Mlango wa peptidi uliokiponza kimelea sugu

Mtu wa hapa kwetu Mshangano, Tanzania, aliyekwishavuka miaka thelathini na mitano hahitaji kukumbushwa klorokwini. Anajua ukali wa uchungu wake, na anajua muwasho uliowakesha wengi wakijikuna. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa kuwa dawa ya kwanza ya malaria ikaweka SP, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kuingia dawa mseto, ALu. Miaka kumi hivi baada ya klorokwini kuondolewa, watafiti wa hapa nchini walichunguza jeni za vimelea kutoka mikoa kadhaa, wakakuta zaidi ya asilimia 90 ni vya aina ile ile ya zamani inayouawa na klorokwini. Majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa walitangulia. Malawi iliiacha dawa hiyo mwaka 1993, na katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, kati ya watoto 80 wa Blantyre waliotibiwa kwa klorokwini, dawa ilishindwa kwa mmoja tu.

Kwa nini kimelea sugu kilishindwa kudumu? Usugu ulikwisha kuenea nchi nzima, na dawa ilipoondoka hapakuwa na kitu cha kukiadhibu kwa kuwa sugu. Jibu limo kwenye protini moja, PfCRT, na namna jibu hilo lilivyopatikana ni kazi ya kisayansi ambayo naiheshimu sana.

Tuanze na chakula cha kimelea. Plasmodium falciparum akiwa ndani ya seli nyekundu ya damu humeza himoglobini na kuipeleka kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea, mahali penye asidi kali. Humo vimeng'enya huikatakata protini hiyo kuwa vipande vifupi vya asidi amino, yaani peptidi. Kiini chenye chuma, hemu, ni sumu kwa kimelea, kwa hiyo hugeuzwa kuwa fuwele zisizodhuru. Klorokwini huingia kifukoni, hubeba chaji chanya kwa sababu ya asidi, hunasa humo, na kuzuia fuwele zisijengwe. Kimelea hufa kwa sumu ya mlo wake.

PfCRT imekaa kwenye utando wa kifuko hicho. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 2000, na badiliko kuu la usugu likajulikana: katika nafasi ya 76, lisini yenye chaji chanya imebadilishwa na threonini isiyo na chaji. Chaji chanya ikiondoka, klorokwini haisukumwi nyuma tena. Hupita na kutoka nje ya kifuko. Mwaka 2009 kundi la Rowena Martin wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra, lilithibitisha kwamba PfCRT iliyobadilika hupitisha klorokwini na ile ya asili haipitishi. Lakini kimelea hakiwezi kuishi bila protini hii, hata pale ambapo hapajawahi kufika dawa. Basi kazi yake halisi ni ipi? Kwa miaka mingi zilitajwa kloridi, protoni, glutathioni, asidi amino na mengine mengi.

Kifuko chenyewe ni kidogo mno na kimefichwa: utando wa seli ya damu, kisha tando za kimelea, ndipo ukifikie. Kuchomeka kifaa humo haiwezekani. Kundi hilo la Canberra likatumia mayai ya chura wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, ambayo ni seli kubwa zinazoonekana kwa macho. Waliingiza ndani ya yai ujumbe wa kijeni wa kutengeneza PfCRT, baada ya kuondoa sehemu zinazoielekeza protini ibaki ndani ya seli, ili ijipange kwenye utando wa nje. Yai likawekwa kwenye maji yenye asidi. Kwa mpangilio huo, nje ya yai pakawa mithili ya ndani ya kifuko, na ndani ya yai pakawa upande wa pili wa mlango. Kinachoingia kwenye yai ndicho ambacho kwa kimelea kingekuwa kinatoka kifukoni.

Kwanza peptidi ziliwekwa pamoja na klorokwini yenye alama ya mionzi, ikaangaliwa kama zinaipunguza kuingia. Hapa mtafiti mwenye haraka angesimama na kushangilia. Kitu kinaweza kuziba mlango bila kupita. Ndiyo maana walichukua peptidi moja ya himoglobini yenye asidi amino sita, wakaitia alama yenyewe na kupima jinsi inavyoingia. Iliingia kwenye mayai yenye PfCRT ya asili, na mayai yasiyo na protini hiyo yakatoa kipimo cha kulinganishia. Wakapima pia ioni na viambato vingine vingi, navyo havikupita. Kwangu mimi, orodha hiyo ya vilivyokataliwa ndiyo uti wa mgongo wa makala yao ya mwaka 2020 katika Nature Communications. Jumla ya matokeo: PfCRT hubeba peptidi zenye asidi amino 4 hadi 11, zilizotofautiana kwa chaji na kwa muundo.

Protini moja inatambuaje vitu vingi kiasi hicho? Linganisha na PepT1 ya utumbo wetu, inayofyonza peptidi za asidi amino mbili au tatu tu. Hiyo huishika peptidi kwa ncha zake mbili, ncha moja ikiwa na chaji chanya na nyingine hasi, na huvumilia karibu chochote kilicho katikati. Kwa kuwa asidi amino ni aina 20, michanganyiko inayowezekana ni 400 ya mbili na 8,000 ya tatu. Antibayotiki kadhaa za jamii ya penisilini hufyonzwa kwa njia hiyo, kwa kuwa zinafanana na peptidi fupi. PfCRT yenyewe hubeba peptidi ndefu zaidi. Umbo lake lilipochorwa mwaka 2019 na kundi la David Fidock na Filippo Mancia, Chuo Kikuu cha Columbia, kwa hadubini ya elektroni, ulionekana uwazi mkubwa katikati, wenye chaji hasi na ulio wazi upande wa kifuko. Mabadiliko ya usugu yamejipanga zaidi kuuzunguka uwazi huo.

Hapo ndipo gharama ilipo. Ukuta ule ule unaobadilishwa ili klorokwini ipite ndio unaozishika peptidi. Kundi la Canberra lilipima aina sugu na kukuta zinabeba peptidi chache zaidi, na za aina chache zaidi. Tayari mwaka 2014 watafiti wengine walikuwa wameona peptidi za himoglobini zikirundikana ndani ya vimelea vyenye PfCRT iliyobadilika. Kimelea sugu hukosa sehemu ya asidi amino zake, na kifuko kilichojaa peptidi huvuta maji na kuvimba. Palipo na klorokwini, hasara hiyo inalipa. Dawa ikiondoka, kimelea cha asili kinakula vizuri zaidi na kuzaana zaidi.

Nchini Malawi hili lina ushahidi wa ziada. Vimelea vilivyorudi havikutokana na vile sugu kujirekebisha. Ni koo nyingi tofauti za vimelea vya asili zilizokuwa zimesalia, zikatanuka upya.

Asione mtu hapa ruhusa ya kutafuta klorokwini dukani na kujitibu. Aina sugu hazikufutika duniani, na shinikizo likirejea, nazo zitarejea. Usugu dhidi ya artemisinini uliothibitishwa Kagera unatokana na jeni nyingine kabisa, kelch13, kwa hiyo hesabu hii ya peptidi haiuhusu.

Lakini ipo dawa inayohusu mlango huu moja kwa moja: piperakwini, iliyomo katika mseto mwingine wa artemisinini. Kusini-Mashariki mwa Asia yamejitokeza mabadiliko mapya ya PfCRT yanayokikinga kimelea dhidi yake, na baadhi yake yanakirudishia kimelea hicho udhaifu mbele ya klorokwini. Ndiyo sababu wanaopanga dawa za kesho wanafikiria kuziunganisha mbili zinazovuta PfCRT pande tofauti, ili badiliko linalokiokoa kimelea dhidi ya moja likiweke wazi kwa nyingine.