Betri Isiyotaka Kushiba

Yupo kijana mpiga picha hapa Tala, kibanda chake kinatazama barabara ya Kangundo, ambaye watu humsifu kwa picha za angani. Iwe harusi, ntheo ya ndoa ya Kikamba, mazishi au kampeni, droni yake iko juu na nyuso zote zimeinuka. Mimi simsifii hilo. Kurusha droni siku hizi hata mtoto wa shule hujifunza mara moja. Namsifia anachofanya akisharudi kibandani, pasipo na wa kumpigia makofi.

Hana haraka ya kuchomeka chaja. Betri zikitoka hewani zina moto, basi huzipanga sakafuni, kila moja mbali na nyingine, zipoe kwanza. Kisha huzipapasa moja moja, tumbo na mgongo, na kuzilaza juu ya kioo cha meza. Inayoyumba imeanza kuvimba. Huitenga nje, na hairuki tena hata kama taa zake zote zinawaka. Zilizo nzima huzichaji mwenyewe akiwa papo hapo, ndoo ya mchanga mkavu ikiwa karibu. Na kama hakuna kazi kesho, hazijazi. Seli iliyojaa hufika volti 4.2, yeye huiacha kwenye 3.8 hivi, kisha betri huingia katika sanduku la bati lenye matundu, mahali pasipofikwa na jua. Nilimuuliza mbona anazinyima. Akacheka. "Mzee, hizi ukizishibisha na kuzilaza, unaziua."

Jibu hilo lilinikumbusha mafundi wa chaji wa zamani. Kabla stima haijafika vijiji vya hapa Matungulu, televisheni ilitegemea betri ya gari, nayo ikiisha ilifungwa nyuma ya baiskeli ikaletwa mjini. Fundi alifungua vifuniko, akafyonza asidi kwa kipimo chake cha kioo, akakiinua usawa wa macho na kungoja kielea kitulie. Kikisoma 1.26, betri imeshiba. Kikishuka hadi 1.15, ina njaa. Iliyopungua aliiongeza maji ya betri kidogo kidogo, na ukimtajia maji ya bomba alikutazama kama umemtukania mama. Shati lake lilikuwa matundu matupu kwa asidi. Ukifika mapema kudai betri yako, uliambiwa urudi jioni, na ulirudi jioni.

Betri zile za risasi zilitaka kinyume cha hizi. Ukiziacha tupu, sahani zake zilishika ukoko mgumu zikafa. Lithiamu huzeeka upesi ikihifadhiwa imejaa, hasa penye joto, na ikishushwa mno, chini ya volti 3 kwa seli, pia huharibika. Masharti yamegeuka, lakini ufundi ni uleule: kujua hali ya kitu usichoweza kukiona, na kukipa muda wake.

Na lithiamu haina subira na mzembe. Tangu Sony ilipoiingiza sokoni mwaka 1991, sifa yake ni kubeba nguvu nyingi kwa uzito mdogo. Bila hiyo droni isingeinuka. Lakini ndani ya seli, pande mbili hutenganishwa na utando mwembamba tu. Ukitoboka kwa kugongwa, au ukiyeyuka kwa joto, seli hujichemsha yenyewe, hutoa gesi inayowaka, kisha huambukiza jirani yake. Moto huo hautangulizi hodi.

Hata hivyo tunalala na simu inayochajiwa chini ya mto. Tunanunua chaja ya bei ya kutupa. Betri iliyovimba tunaikandamiza ifunge, twende kazini. Begi la droni linashinda kwenye buti la gari juani, na mwenyewe yuko kivulini akila nyama choma. Stima ilipofika, tulidhani ujuzi umekuja kwa waya uleule, tukawaacha wale mafundi wafunge vibanda mmoja baada ya mwingine. Kijana huyu amejifunza kwa video za watu wa nchi za mbali, akibahatisha hapa na pale. Alikulia mji uliojaa wazee waliojua kuilinda betri, na hakuna aliyemwambia awaulize, wala aliyewaomba wamfundishe mtu.