Boti Iliyopauka: Juu ya Istilahi za Kutunza Vyombo vya Faiba

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili istilahi za sheria, za utawala na za sayansi zifundishwazo shuleni. Safari hii twamwomba msomaji ateremke nasi hadi pwani ya Malindi, kando ya Mji Mkongwe wa Unguja, mahali ambapo boti huvutwa juu ya mchanga wakati wa bamvua ili zisuguliwe na kutengenezwa. Kilichotupeleka huko ni kijitabu cha maelekezo ya kutunza boti za faiba, kilichofasiriwa kutoka Kiingereza na kuletwa mezani petu ili kipitiwe. Ofisi iliyokitoa hatutaitaja, kwani makosa yaliyomo ni ya aina ambayo sisi sote tulioshika kazi hii tumepata kuyafanya.

Jambo lenyewe si dogo. Katika miaka ya karibuni, chini ya sera ya uchumi wa buluu, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imewapatia wavuvi na wakulima wa mwani boti za faiba. Wengi wao ni watu ambao wazee wao walitumia ngarawa na madau ya mbao, na chombo cha mbao kina msamiati wake wa urithi: hukalafatiwa kwa pamba, hupakwa mafuta ya sifa, na chini yake hupakwa deheni. Kijana wa Nungwi akiambiwa akalafati hahitaji kijitabu. Neno lenyewe humwonyesha mkono uende wapi. Mwenye boti ya faiba hana urithi huo. Anachopewa ni maneno yetu, na maneno hayo yakipotoka, hasara inakuwa yake.

Kuhusu jina la chombo chenyewe hatuna ugomvi. Waswahili hukiita chombo kwa umbo lake na jinsi kilivyoundwa, kisha ndipo huongeza habari ya kitu kilichotumika. Mwaka 2019 chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyokwisha kutumika, kilisafiri kwa tanga hadi Unguja. Plastiki haikukiondolea ujahazi wake. Kadhalika "boti ya faiba" ni msemo uliokwisha kukubalika kwa wavuvi, nao watosha. Ni kweli kwamba siku hizi faiba ni pia waya wa mawasiliano, lakini hakuna atakayevichanganya viwili hivyo akiwa baharini. Shida yetu inaanza pale kijitabu kinapoeleza namna ya kuurudisha mng'aro wa boti iliyozeeka.

Kwanza, kijitabu kinamwagiza msomaji aondoe "kutu". Tumefahamu mfasiri alikopita. Kiingereza hutumia neno moja la kikemia kwa chuma kinacholiwa na hewa na kwa rangi ya faiba inayoharibiwa na jua na hewa, naye amelichukua lile la chuma. Lakini boti ya faiba haina chuma isipokuwa katika mashine na misumari michache. Mvuvi ataisugua mashine yake, na ubavu wa boti utabaki vile vile.

Pili, kile kitandiko cha nje chenye rangi kimeitwa "koti la jeli". Koti huvaliwa na kuvuliwa, na jeli kwa wasomaji wetu ni kitu cha kula au cha kupaka nywele. Kitandiko hicho ni utomvu mgumu uliotangulia kupakwa ndani ya kalibu, kabla ya nyuzi za kioo kulazwa juu yake. Unene wake ni kama nusu milimita tu. Kikimalizika kwa kusuguliwa, nyuzi huonekana, maji hupata njia ya kupenya, na hapo hapana tena cha kung'arisha. Yatakiwa kupaka kitandiko kipya au rangi. Istilahi inayofaa haina budi kumwonya mtu juu ya wembamba huo.

Tatu, mvuvi anaambiwa atumie "msombo". Neno hili ni sahihi kabisa katika darasa la kemia, ambako ni kitu kilichofanyika kwa elementi mbili au zaidi kuungana. Kwa fundi, neno lile lile la Kiingereza ni uji mzito wenye chengachenga laini za kusugulia. Hakuna muuza duka wa Darajani atakayejua ampe nini mteja anayeulizia msombo.

Nne, na hili ndilo la hatari zaidi, kijitabu kinataka "msasa wa namba kubwa" pasipo maelezo. Msasa asili yake ni mti ambao majani yake yana mikwaruzo, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainisha mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja ilirithi jina hilo bila baraza lolote kukaa kikao. Jani halina namba. Karatasi inazo, nazo huenda kinyume na matarajio ya mtu: namba 80 hukwaruza vibaya, namba 2000 ni laini kama kitambaa. Asiyejua hayo atadhani kuwa kubwa ni kali, kisha, kwa kuogopa kuharibu, atachukua namba ndogo. Kwa tahadhari yake mwenyewe atalikwangua lile ganda la nusu milimita asubuhi moja.

Tulimsomea fundi mmoja maneno haya. Hakucheka. Alipitisha kiganja ubavuni mwa boti kuukuu, akatuonyesha unga mweupe uliobaki mkononi.

"Hii imepauka, bwana," alisema.

Tulikuwa tumepitia orodha tatu za istilahi bila ya kulifikiria neno hilo. Nguo huchujuka kwa kufuliwa. Taa na maandishi hufifia. Ngozi isiyopata mafuta hupauka, ikawa na weupe kama wa vumbi. Boti ya faiba iliyopigwa na jua miaka mingi haikuchujuka wala haikufifia. Imepauka.

Hata hivyo hatutaki kulisifu neno hili bila ya kulipima. Kupauka kwa ngozi kuna dawa yake inayojulikana kila nyumba, nayo ni mafuta. Fundi yule yule alituambia kuwa wapo wanaoipaka boti mafuta ya nazi, ikang'aa siku ile, na baada ya siku chache za jua ikarudia hali yake na kushika vumbi juu. Ndivyo ilivyo hata kwa maji: boti iliyopauka ikilowa hung'aa, ikikauka hupauka tena. Neno zuri, basi, laweza kuja na tiba isiyo yake. Kwa hiyo twapendekeza kuwa kila palipoandikwa "kupauka", sentensi ifuatayo iseme wazi kwamba ule unga hauna budi kuondolewa kwanza.

Hapo ndipo tunapokilaumu kijitabu kwa kosa la tano, ambalo ni la kuficha. Neno "kung'arisha" limetumika kwa kazi tatu tofauti. Boti huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi. Ikiwa imepauka sana, husuguliwa kwa msasa wa maji, kuanzia namba 600 au 800, kisha 1000, 1500 na 2000. Ikiwa imepauka kidogo, hatua hii huachwa. Hufuata uji wa kusugulia, na mwisho nta, ambayo hairudishi mng'aro bali huulinda, nayo yahitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache katika jua kama la kwetu. Mwenye kuambiwa "ng'arisha" atanunua nta peke yake na kuipaka juu ya unga.

Mapendekezo yetu ni haya. Kitandiko cha nje kiitwe "ganda". Tulilifikiria neno "ngozi", ambalo lingepatana na kupauka, tukaliacha kwa kuwa ngozi ikichubuka hupona, na ganda likipasuka halijiungi. Umbo la mkopo, "gelkoti", litajwe mara moja tu kwa ajili ya mnunuzi dukani. Uji wa fundi uitwe "dawa ya kusugulia". Wapo wenzetu wanaodai kuwa "dawa" ni neno la jumla mno. Twawajibu kwamba dawa ya meno na dawa ya viatu zimeishi nasi muda mrefu na hakuna aliyewahi kuzikosea. Msasa utajwe kwa sifa na namba pamoja: "msasa laini, namba 1500". Kazi zenyewe zigawanywe: kusugua, kung'arisha, kupaka nta. Na maelekezo yaongeze onyo ambalo kijitabu kimelisahau, kwamba vumbi la faiba lisivutwe puani, mtu avae barakoa.

Tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, mabaraza na kamati zimekuwa zikitafuta maneno ofisini kwa ajili ya watu walio kazini. Njia hiyo ina faida zake, lakini yataka kupimwa mwishoni kwa jambo moja: baada ya kulisoma neno, mkono wa mtu utafanya nini? Kijitabu hiki kilikuwa na maneno yanayopatikana kamusini, na kila moja lingeupeleka mkono mahali pasipo pake.

Tumekirudisha kijitabu pamoja na maelezo haya. Walimu wa ufundi, wafasiri na maofisa wa uvuvi wenye maneno bora kuliko haya, hasa yale yaliyokwisha kutumika Mkokotoni, Kizimkazi na Pemba, wanaombwa watuletee kabla ya toleo lijalo.