Gharama Isiyohesabiwa: Uhakiki wa Nadharia ya Udhibiti kwa Mtikisiko wa Haraka

Kudai kwamba mfumo usio thabiti unaweza kutulizwa bila kupima hali yake ni dai zito. Ndilo dai la udhibiti kwa mtikisiko, nadharia iliyopewa msingi wa jumla na Semyon Meerkov mwaka 1980, kisha ikapanuliwa kwa mifumo isiyo ya mstari na Bellman, Bentsman na Meerkov mwaka 1986. Mfano wake mashuhuri ni pendulamu iliyopinduliwa. Andrew Stephenson alionesha mwaka 1908 kwamba egemeo lake likitikiswa wima kwa haraka, pendulamu husimama. Pyotr Kapitza akalieleza jambo hilo mwaka 1951 kwa kutenganisha mwendo wa taratibu na mwendo wa haraka.

Hisabati ya dai hili ni imara. Udhaifu umo katika sharti kwamba marudio yawe "makubwa ya kutosha". Mbinu ya wastani huthibitisha kuwa kikomo kipo, lakini kwa kawaida hainyamazi tu kuhusu mahali kilipo, bali pia kuhusu gharama ya kukifikia. Kwa pendulamu kikomo kinajulikana: kasi ya juu kabisa ya egemeo izidi kasi ambayo kitu hupata kinapoanguka kimo kilicho sawa na urefu wa pendulamu. Kwa pendulamu ya sentimita 20, yenye uzito wote nchani, kasi hiyo ni takriban mita 2 kwa sekunde. Egemeo likisogea sentimita 1 kila upande, hitaji ni mitikisiko 32 hivi kwa sekunde, na mchapuko wa egemeo hufikia mara 40 ya ule wa uvutano wa dunia. Kupunguza msogeo kwa nusu, hatua inayoonekana kuwa ya upole, huongeza mchapuko huo hadi mara 80.

Tena, penye kikomo chenyewe pendulamu haivumilii kuinama hata kidogo. Ili irejee kutoka nyuzi 60, mraba wa kasi ya egemeo sharti uwe maradufu. Na pasipo msuguano haitulii, huyumbayumba tu kandokando ya wima. Kihisi kilichookolewa hulipwa kwa mota na beringi.

Hata hivyo, mtego wa ayoni wa Wolfgang Paul, uliomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1989, hutegemea wazo lilo hilo bila mzigo huu, kwa kuwa kinachotikiswa ni volteji, si chuma.