Kezilahabi na Shauri la Vina

Tangu diwani ya Kichomi ilipotoka mwaka 1974, ni nadra jina la Euphrase Kezilahabi kutajwa pwani bila ya kuzuka ugomvi wa vina na mizani. Walio wengi waliuona kuwa ni ugomvi wa pwani na bara: mtu asiyelelewa na tenzi kashindwa kupima mizani, kisha kushindwa kwake akakuita uhuru. Maelezo haya ni mepesi mno. Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954 ambacho watetezi wa vina hawachoki kukirejea, kiliandikwa na Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Aliyeieneza ngonjera ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma. Ilhali Ebrahim Hussein, mwana wa Kilwa, alikwisha kutunga bila ya vina kabla Kichomi haijachapishwa.

Na kama ni asili, Kezilahabi naye ni mtu wa kisiwa, ijapokuwa cha ziwani. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha. Tasnifu yake ya uzamili aliiandika juu ya riwaya za Shaaban Robert. Mtu aliyekaa na bingwa huyo kwa kiasi hicho hasemwi kuwa hakujua alichokiacha. Mwaka 1985 alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Alimalizia ualimu wake Botswana, akafariki Dar es Salaam mwezi Januari 2020.

Alichokiacha ni hadhira. Shairi la vina huandikwa likijua kuwa litaghaniwa, na kwamba pana watu watakaolipokea na pengine kulijibu. "Kisu Mkononi", shairi la mtu anayejielekezea kisu tumboni, halina wa kulipokea. Nani ataliitikia? Mstari hukatika pale mkono unaposita, na kina kingeingia hapo kingekuwa mtu wa pili chumbani. Yumkini mpinzani atauliza: Je, Abdilatif Abdalla hakuwa peke yake gerezani, kati ya 1969 na 1972, na bado Sauti ya Dhiki ikatimia vina na mizani? Hoja hii ni nzito, wala haijibiki kwa kusema kwamba zama zimebadilika. Lakini Abdilatif alitengwa na watu kwa nguvu, na kila ubeti wake unawasemesha walioko nje. Msemaji wa Kezilahabi yumo miongoni mwa watu, na hana la kuwaambia. Upweke huu wa pili ndio uliokuwa haujapata umbo katika ushairi wa Kiswahili.

Hii haina maana kwamba kila shairi la Kichomi limefaulu. Yale yanayohubiri siasa aghalabu ni nathari iliyokatwakatwa, na hapo msomaji wa pwani ana haki ya kukililia kina chake. Karibu Ndani ya mwaka 1988 imekomaa zaidi: mahubiri yamepungua, picha zimekazwa.

Iko njia nyingine ya kulitazama shauri hili, nayo yapita Nyanda za Juu Kusini. Msafiri atokaye pwani kwa barabara kuu ya Mbeya, baada ya kilomita zipatazo 500, hufika Ipogolo, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Mji wa Iringa uko juu kilimani, na kuuendea ni kuiacha barabara kuu na kupanda. Kaskazini ya mji huo, huko Isimani, siku ya Krismasi ya mwaka 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, katika mzozo wa mashamba na ujamaa. Maiti aliipeleka mwenyewe polisi mjini. Alihukumiwa, akanyongwa.

Tukio kama hili ndilo linalotafutwa na ngonjera: wahusika wawili, hoja mbili, na mwisho mmoja ujulikanao tangu ubeti wa kwanza. Kezilahabi hakulitungia ngonjera. Mwaka 1975 alitoa riwaya, Dunia Uwanja wa Fujo, ambamo Tumaini, kijana aliyetapanya urithi wake kisha akawa mkulima tajiri, anamuua kiongozi wa serikali shamba lake linapotaifishwa, naye ananyongwa. Wahakiki wengi wameusikia humo mwangwi wa Isimani. Mwandishi hamtakasi Tumaini, wala hamlaani. Msomaji anaachiwa maiti mbili bila ya kuambiwa amlilie nani, na katika miaka ile ya Azimio la Arusha hilo halikuwa jambo dogo. Mkono ulioandika ukurasa huo ndio ulioandika "Kisu Mkononi" mwaka mmoja kabla. Huko kina hakikuja kumfariji mwenye kisu. Huku hukumu haikuja kumpumzisha msomaji.

Juu ya Ipogolo, mjini Iringa, chuo cha ualimu kilipewa jina la Klerruu. Mwamwindi hana kilichoitwa kwa jina lake. Tumaini yumo kitabuni, na walimu wa fasihi wamekuwa wakibishana juu yake tangu hapo.