Taa ya Utelezi Kwenye Barabara ya Vumbi

"Shemeji, gari linasema kuna utelezi, na hapa Kibimba mvua ya mwisho tumeshaisahau." Hivyo ndivyo tatizo lilivyonifikia kwa simu, katikati ya kiangazi. Gari lenyewe ni dogo, la umeme mtupu, limenunuliwa mtumba. Kwenye dashibodi iliwaka taa ya njano yenye picha ya gari linaloacha mikia ya kupindapinda, kisha ikafuata ya ABS, mfumo unaozuia matairi kukwama wakati wa kufunga breki. Fundi wa kwanza alishauri sensa zote nne za kasi ya matairi zibadilishwe, ziagizwe Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Umeme wa kuchaji upo. Mtambo wa Rusumo wa megawati 80, ambao umeme wake hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, uko huko huko Ngara, wilaya ya Kibimba. Kilichokuwa kinakosekana ni utaratibu wa kuliuliza gari maswali kabla ya kulinunulia spea.

Tuanze na maana ya taa. Kompyuta ya gari haiioni barabara. Inachokijua ni kasi ya kila tairi, inayoletwa na sensa iliyokaa karibu na pete inayozunguka pamoja na beringi. Tairi linaloendeshwa na mota likizunguka haraka kuliko wenzake, kompyuta huhesabu kwamba linateleza, na hapo huiamuru inveta, kifaa kinachoilisha mota umeme, ipunguze nguvu yake. Msingi wa kazi hii ni wa zamani: Bosch walianza kuuza ABS mwaka 1978, na udhibiti wa utelezi ukafuata mwaka 1986. Kompyuta ikikosa habari za tairi moja, haikisii. Hujiondoa kazini na kuwasha taa. Basi taa hiyo ikibaki inawaka mfululizo, tafsiri yake ni "sioni", wala haina habari na tope.

Dalili ya pili mwenye gari aliitaja kama jambo dogo: akiachia pedali, gari linaserereka tu, halijishiki kama zamani. Hilo si dogo. Katika gari la umeme mota hugeuka jenereta wakati wa kupunguza mwendo, ikarudisha chaji huku ikilishika gari. Magari mengi huzima au hupunguza kazi hiyo ABS inapokuwa na hitilafu, kwa kuwa mota inaweza kuyabana matairi bila kompyuta kujua. Kwenye miteremko ya Ngara, mzigo wote unahamia kwenye brek pedi. Kwa hiyo nilimwambia ateremke taratibu na asiizoee taa ile.

Dalili ya tatu ndiyo iliyotufaa zaidi, na haikugharimu kitu. Gari likiwashwa, taa zilizimika kama kawaida. Ziliwaka baada ya kutembea mita chache. Kompyuta hupima nyaya za sensa mara tu gari linapowashwa, na waya uliokatika kwa kawaida hujulikana pale pale. Taa inayosubiri mwendo inaelekeza kwenye ishara inayoharibika tairi likizunguka.

Hata hivyo tulianza na betri ndogo ya volti 12, kwani ndiyo inayolisha kompyuta zote, na ikichoka huwasha taa ambazo hazihusiani kabisa. Mita ilisoma 12.6 asubuhi gari likiwa limezimwa, na 14.1 lilipowashwa. Betri nzima, na kifaa cha kuichaji kutoka betri kubwa kinafanya kazi.

Ndipo tukaunganisha mashine ya ukaguzi, ile inayoweza kuingia hadi kwenye ABS. Namba ya hitilafu ilitaja tairi la nyuma kushoto. "Si unaona? Tuagize sensa," fundi akasema. Lakini namba hutaja mahali ishara ilipopotelea, haitaji kilichoharibika. Tukaliendesha huku tukisoma kasi za matairi: matatu yalisema 20, la nne likaanguka hadi sifuri, likarudi, likaanguka tena. Tairi lenye ukubwa tofauti lingekuwa na kasi tofauti muda wote, lisingekatakata hivyo.

Sensa za nyuma za gari hilo zinafanana, kwa hiyo tulizibadilishana kulia na kushoto. Hitilafu ikabaki kushoto. Sensa ikawa imejitetea yenyewe.

Tukaweka kabari, tukapiga jeki kwenye sehemu iliyoandaliwa pembeni, maana chini ya sakafu kuna betri kubwa. Nyaya za rangi ya chungwa, zenye mamia ya volti, hazikuguswa. Kazi hii haizihitaji. Kwenye tundu la sensa tulikuta uji mkavu wa vumbi la moramu na unga wa brek pedi. Unga huo una chembe za chuma, na pete ile ni ya sumaku, kwa hiyo hunata humo na kuivuruga ishara. Tuliusafisha kwa brashi laini na dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Bisibisi ingeikwaruza pete, na sumaku ya kunasia skrubu ingeweza kuiharibu.

Tukafuta namba ya hitilafu, tukaendesha kilomita 12. Kasi nne zilipanda na kushuka pamoja, taa ikabaki imezimika, na kwenye mteremko gari likajishika lenyewe.

Limebaki agizo moja kwa mwenye gari. Taa ikirudi mapema kwenye tairi lile lile, anyanyue gari, ashike tairi juu na chini, alitikise. Likicheza, beringi imelika na pete inayumba nayo, na hapo ndipo kutakuwa na spea ya kuagiza Dar.