Kila Mkwaruzo na Kisa Chake

Mafundi karibu wote hulipwa ili kitu kionekane kipya. Seremala hupiga msasa hadi ubao uteleze, fundi bodi hunyoosha bati la gari lililobonyea, mpaka rangi hurudia ukuta mara mbili tatu hadi madoa ya mvua yasahaulike. Ipo kazi moja inayokwenda kinyumenyume. Fundi wake hutengeneza kitu kwa jasho lake, akakilainisha, akakipaka rangi safi, kisha akaketi kukichakaza kwa makusudi, taratibu, kwa brashi ndogo na subira kubwa. Nawazungumzia wanaojitengenezea nyumbani helmeti za wahusika wa filamu, na hasa ile hatua yao ya mwisho: kuipaka helmeti mpya hadi ionekane imetoka vitani.

Wanaoicheka kazi hii husema ni mchezo wa watu wazima wasio na shughuli, tena mchezo wa kunakili kazi ya mwingine. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi za mikono zinazodai akili kuliko zote, kwa sababu haimruhusu fundi kuweka alama hata moja asiyoweza kuitolea maelezo.

Chukua helmeti ya Boba Fett, mmoja wa wahusika wa filamu za Star Wars ambao mashabiki hawachoki kuwanakili. Ni mwindaji wa kukodiwa, anayelipwa kukamata watu waliowekewa bei vichwani mwao. Katika The Empire Strikes Back, filamu ya mwaka 1980, uso wake hauonekani hata mara moja, na mara anazofungua kinywa zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jeremy Bulloch, mwigizaji aliyelivaa vazi lile, alibakiwa na mwili tu wa kuigizia: namna ya kusimama, namna ya kugeuza shingo. Mengine yote yalibebwa na rangi. Mtazamaji anaiona helmeti ya kijani, imebonyea juu ya paji, imechubuka huku na kule, na papo hapo anaelewa kwamba mtu huyu ana miaka mingi kazini, kwamba amepigwa, na kwamba waliompiga hawakummaliza. Hakuna aliyemsimulia.

Vazi hilo lilianza likiwa jeupe pe. Wachoraji Ralph McQuarrie na Joe Johnston walikuwa wakichora wazo la kikosi cha askari maalumu. Wazo la kikosi likaachwa, akabaki mtu mmoja. Juni 28, 1978, vazi jeupe lilipigwa picha za majaribio mbele ya kamera. Septemba 24 mwaka huohuo, Boba Fett alikuwa akiandamana barabarani na Darth Vader, adui mkuu wa filamu hizo, katika mji wa San Anselmo, California, akiwa na rangi zake na makovu yake. Mkono uliompa makovu hayo ni wa Johnston. Kwa hiyo anayeinakili helmeti hii hanakili vita vyovyote, maana havikupiganwa. Ananakili mawazo ya mchoraji aliyejiuliza vita vingeacha nini.

Hapo ndipo kunakili kunapogeuka kuwa kusoma. Fundi hukusanya picha za helmeti ya asili kutoka kila upande, akazikuza, akaanza kuzipitia alama mojamoja. Hii ina rangi ya fedha katikati, na pembeni ina ukingo wa kijivu. Ile imeishia kwenye kijivu, haikufika kwenye fedha. Kwa nini? Asiyejiuliza atazihamisha zote kama zilivyo na bado kazi yake itaonekana imechorwa. Anayejiuliza atagundua kwamba Johnston alikuwa akieleza kina: hapa pigo lilifika hadi kwenye chuma, pale lilikwangua ngozi tu.

Anayetaka kuielewa lugha hiyo asiende mbali. Akasimame mbele ya geti la chuma la mtaani kwao. Atazame pale kwenye komeo. Rangi ya juu, tuseme bluu, imelika hadi ikafichua praima yenye rangi ya matofali, na katikati ya praima kuna chuma kitupu kinachong'aa, kwa kuwa kila siku kinasuguliwa na viganja. Ashuke hadi kwenye bawaba ya chini, ambako maji ya mvua huruka kutoka ardhini: hapo chuma haking'ai, kimeota kutu, na kutu imechuruzika ikaacha mistari ya kahawia. Kisha aangalie pale gari lilipogonga wakati likirudi nyuma: rangi imebanduka kwa magamba, kingo zake kali, na mkwaruzo wote umelala upande mmoja. Geti ni lilelile na rangi ni ileile, lakini limezeeka kwa njia tatu, kwa sababu limepatwa na mambo matatu. Mtu akishaliona hilo, hawezi tena kuchovya brashi kwenye rangi ya fedha na kuinyunyiza helmeti ovyo.

Kazi yenyewe huanza mbali na brashi. Wapo wanaoijenga helmeti kwa karatasi ngumu iliyokatwa kwa vipimo na kuimarishwa kwa resini na faibaglasi. Siku hizi wengi huichapa kwa printa ya 3D. Kwa vyovyote vile, anayeifanya kazi hii kwetu hujikuta amesimama kwenye duka la rangi za magari, kwa sababu puti, msasa wa maji, praima, tina na makopo ya rangi ya kupuliza ni vilevile anavyovitumia fundi bodi. Kioo cha macho, kile chenye umbo la herufi T, wengi hukikata kutoka plastiki ya kijani ya barakoa ya kuchomelea. Halafu ni msasa, puti, msasa tena. Mgeni atashangaa: ya nini kuilainisha hivyo kitu ambacho kesho kitachubuliwa? Jibu ni kwamba kila kasoro itasomwa. Mistari ya printa ikibaki chini ya rangi, jicho litaisoma kabla halijausoma mkwaruzo, na litajua mara moja kwamba hiki si chuma. Uchakavu wa kubuni unahitaji uwanja safi, usichanganyike na uzembe.

Baada ya praima huja rangi ya fedha, helmeti nzima. Ni tabaka ambalo sehemu yake kubwa haitaonekana tena, lakini ndilo chuma cha hadithi hii. Likishakauka vizuri, fundi huchukua kitu cha kuziba: maji ya mpira yanayouzwa kwa kazi hiyo, au dawa ya meno, au hata haradali ya kulia soseji. Hukidonoa kwa kipande cha sponji kilichonyofolewa ili kingo zake zisiwe sawa. Hapaki ovyo. Anadonoa kwenye ukingo wa juu wa mashavu, mahali ambapo helmeti ikiwekwa chini hugusa sakafu, na kandokando ya lile bonde la kwenye paji. Kisha anapuliza rangi ya kijivu. Ikikauka anadonoa tena, safari hii akiizunguka ile alama ya kwanza, na kwingine anaweka alama mpya kabisa. Halafu ndipo inapuliziwa kijani. Kwa muda, helmeti inakuwa na sura mbaya kuliko ilivyowahi kuwa: vinundu vya haradali chini ya rangi mbichi, kama ina ndui.

Rangi ikikauka, fundi hupitisha kitambaa chenye unyevu. Haradali inatoka na kijani kilichoikalia, na chini yake panatokea fedha yenye ukingo wa kijivu, na kando yake vidoa vilivyoishia kwenye kijivu. Kingo hazifanani, kwa kuwa hakuna mkono uliozichora. Zimekatika zenyewe mahali haradali ilipokomea. Utamu wa njia hii uko hapo. Fundi anaamua mahali na sababu, lakini umbo lenyewe anaiachia bahati, kwani mkono wa binadamu haujui kuchora ajali. Ukiachiwa uchore mikwaruzo ishirini, utaipanga kwa nafasi zinazolingana kama miche ya mahindi. Ajali haina mpango huo. Huja kwa makundi, ikaacha eneo zima bila kuligusa.

Baada ya mapigo huja uchafu, nao una kanuni zake. Rangi nyeusi na ya kahawia huzimuliwa sana, ikapakwa, ikafutwa kabla haijakauka, ili ibaki kwenye pembe na mifereji tu, kule ambako hata mwenye helmeti asingefikisha kitambaa. Hufutwa kuelekea chini, kwa kuwa maji huteremka. Vumbi hukaa juu ya utosi, wala si chini ya kidevu. Unga wa grafaiti, uleule wa ndani ya penseli, husuguliwa kwa kidole kwenye kingo ili zitoe mng'ao wa chuma kilichoshikwashikwa. Mwisho hupulizwa vanishi isiyong'aa, kwani mng'ao wa rangi mpya husaliti kazi yote.

Wapo waumini wakali katika mambo haya. Karakana zilizotengeneza mifano ya Star Wars zilitumia rangi za Floquil, zilizokuwa zikiuzwa kwa watengenezaji wa treni ndogo za maonyesho. Rangi hizo zilipoacha kutengenezwa mwaka 2013, chupa za zamani ziligeuka hazina, na mashabiki wakaanza kutafuta michanganyiko ya kuziba pengo. Siwacheki, anayejali kivuli cha kijani anajali na mengine. Ila chupa halisi haimwokoi mtu aliyeweka mkwaruzo usio na sababu, na mwenye sababu anaweza kufika mbali kwa kopo la rangi ya gari. Barakoa ya Darth Vader ya filamu ya kwanza, ile ya mwaka 1977, inathibitisha hilo. Watu wengi huapa kwamba ilikuwa nyeusi tupu, kumbe ilipakwa rangi mbili, nyeusi na kijivu cha chuma cha bunduki, ili mikunjo ya uso isimezwe na giza mbele ya kamera. Rangi ile ilifanya kazi ya mwanga, na kwa kuwa iliifanya vizuri hakuna aliyeiona.

Hata majaji wamewahi kuzijadili helmeti hizi. Julai 27, 2011, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi kati ya Lucasfilm, kampuni iliyotengeneza filamu hizi, na Andrew Ainsworth, aliyetengeneza helmeti nyeupe za askari wa filamu ya kwanza na baadaye akauza nakala zake. Mahakama ilisema helmeti ile haihesabiwi kuwa sanamu mbele ya sheria ya hakimiliki: sanaa ni filamu, na helmeti ni kifaa kilichofanya kazi ndani yake. Wapo walioumia kusikia hivyo. Mimi naona hakuna sifa iliyo bora kwa fundi. Sanamu inaweza kusimama ikasubiri kutazamwa. Helmeti ina kazi ya kufanya, nayo ni kuaminiwa, kwa dakika chache, na mtu ambaye hata hajui kwamba anaiangalia.

Kwa sababu hiyo ujuzi mgumu kuliko yote hapa ni kuacha. Haradali ikishafunua chuma chake cha kwanza, mkono huwasha. Kila mkwaruzo unapendeza, na kila unaopendeza unaita mwenzake. Mchezea zuri, baya humfika. Helmeti iliyochubuka kila mahali haisemi chochote, kwani jicho halina pa kuanzia wala pa kupumzikia. Sehemu safi ndizo zinazoipa nguvu sehemu iliyoumia: ni ushahidi kwamba mwenyewe aliitunza, kwamba pigo lile lilikuwa tukio na si kawaida.

Kuna mtihani mwepesi wa kujua kama kazi imekamilika. Mpe helmeti mtu ambaye hajawahi kuiona filamu, uiache mikononi mwake, unyamaze. Akiuliza umetumia rangi gani, rudi kwenye meza. Akiuliza aliyekuwa akiivaa alipatwa na nini, funika makopo yako.