Mhusika ni wa Nani? Mwitikio wa Wasomaji katika Riwaya ya Mfululizo

Utangulizi

Kwa muda mrefu uhakiki wa riwaya umezoea kumwona mhusika kama kiumbe aliyekwisha kukamilika. Mhakiki hukifungua kitabu kikiwa kimejalidiwa, mwanzo na mwisho wake vikijulikana, kisha huuliza: mhusika huyu amesawiriwa vipi, na anaibeba dhamira gani? Swali hilo ni halali, lakini linaficha jambo moja. Riwaya nyingi ambazo leo tunazisoma katika jalada moja hazikuzaliwa hivyo. Zilitolewa vipande vipande, kwa wiki au kwa mwezi, na baina ya kipande na kipande wasomaji walilia, walikasirika na kuandika barua. Hali hiyo imerejea kwa nguvu katika karne hii, tangu waandishi walipoanza kutoa riwaya zao sura kwa sura katika intaneti.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza mwitikio wa wasomaji kwa dhamira na wahusika katika riwaya za namna hiyo. Hoja yetu ya kimsingi ni kwamba mwitikio huo si wa aina moja. Tunapendekeza kutenganisha aina tatu: ombi, sahihisho na shtaka. Msomaji aombaye mhusika asiuawe hafanyi jambo lile lile na msomaji asemaye kwamba mhusika amemdhalilisha, wala mwandishi hawajibiki kwa wote wawili kwa kiwango kimoja. Kutozitenganisha aina hizi ndiko kunakowafanya baadhi ya wahakiki kudai kwa wepesi kuwa katika riwaya ya mfululizo msomaji ni mwandishi mwenza.

Pengo na Matarajio

Nadharia ya upokezi, iliyokuzwa na Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, inatupa istilahi za kuanzia. Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967, alisisitiza kwamba kila msomaji huiendea kazi ya fasihi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizokwisha kuzisoma. Iser naye alieleza kuwa matini haisemi yote. Huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa ubunifu wake. Ni muhimu kutaja kwamba Iser mwenyewe aliitolea mfano riwaya ya mfululizo. Kipande hukatwa pale ambapo taharuki imepanda, na msomaji analazimika kusubiri. Katika kusubiri huko anawaza, anabashiri na kuwahuisha wahusika.

Hata hivyo, pengo analolizungumzia Iser ni la kimya, na msomaji wake amejengwa na matini yenyewe. Katika riwaya ya mfululizo pengo lina makelele. Msomaji wa nyama na damu hunena ndani ya pengo hilo kabla mwandishi hajalijaza. Kwa sababu hiyo, mfano ulio karibu zaidi nasi ni uhusiano wa fanani na hadhira. Mtambaji wa ngano anayeanza kwa ‘Paukwa!’ na kuitikiwa ‘Pakawa!’ amekubali tangu mwanzo kwamba hadhira ina sehemu yake. Akiona watoto wameogopa mno, zimwi huuawa mapema. Akiona wanasinzia, wimbo huongezwa.

Lakini mlinganisho huu una mpaka. Ngano ni mali ya jamii, na fanani anaweza kuitamba upya kesho kwa namna nyingine. Mwandishi wa mfululizo hana uhuru huo: kipande kilichokwisha kutoka kimetoka. Maji yakimwagika hayazoleki. Akitaka kumbadilisha mhusika hana budi kumbadilisha mbele ya macho ya wasomaji, na alama ya mabadiliko hayo hubaki katika matini kama kovu. Ni kovu hilo ambalo mhakiki anapaswa kulisoma.

Ombi

Aina ya kwanza ya mwitikio ni ombi. Charles Dickens alipokuwa akiitoa The Old Curiosity Shop kila wiki, mwaka 1840 hadi 1841, wasomaji walimwandikia wakimsihi asimuue Nell, yule msichana anayezunguka na babu yake. Nell alikufa. Naye Eugène Sue aliitoa Les Mystères de Paris katika gazeti la Journal des Débats mnamo 1842 na 1843, na akapokea mamia ya barua kutoka kwa wasomaji wa matabaka mbalimbali, wakiwamo mafundi na vibarua. Barua hizo zilimsukuma aongeze katika riwaya yake mapendekezo kuhusu magereza, mikopo kwa maskini na haki mahakamani. Dhamira ilipanuka kwa sababu ya wasomaji. Lakini Fleur-de-Marie, binti aliyetolewa katika uchafu wa mitaa ya Paris, hakuokolewa na barua yoyote: aligeuzwa mtubuji aliyelemewa na aibu, akafa. Karl Marx aliliona jambo hili mapema. Katika The Holy Family ya 1845 alimlaumu Sue kwa kumnyang’anya binti huyo uchangamfu aliokuwa nao mwanzoni.

Mfano wa Arthur Conan Doyle ndio unaotajwa zaidi na wale wanaodai kwamba msomaji ndiye mshindi. Sherlock Holmes aliuawa katika hadithi ya Desemba 1893, katika jarida la The Strand, na wasomaji wakalalamika kwa uchungu. Mnamo 1901 akarejea katika The Hound of the Baskervilles, na mwaka 1903 tukaelezwa kwamba hakufa kamwe. Lakini tuzingatie tarehe. Hadithi hiyo ya 1901 imewekwa katika wakati kabla ya kifo chake, na ufufuo wenyewe ulikuja karibu miaka kumi baada ya machozi, wakati jarida la Collier’s la Marekani lilipokuwa tayari kulipa fedha nyingi. Ombi lilisikika lilipopata mdhamini. Kwa hiyo, kutokana na mifano hii mitatu, hatuoni msomaji aliyekuwa mwandishi mwenza. Tunaona mwandishi anayepima sauti za wasomaji kwa mizani yake, ambayo soko pia limeishika upande mmoja.

Shtaka

Aina ya pili ni nzito zaidi. Katika sehemu ya David Copperfield iliyotoka Desemba 1849, Dickens alimwingiza Miss Mowcher, mwanamke mbilikimo anayezunguka katika nyumba za matajiri akiwapamba na kuwachekesha, huku akidokezwa kuwa mshirika katika uovu. Jane Seymour Hill, mwanamke mbilikimo aliyefanya kazi ya kutibu miguu na aliyekuwa jirani wa Dickens, alijitambua katika picha hiyo. Aliandika kueleza jinsi alivyoumizwa, na wakili wake pia akaandika. Dickens alikiri kwamba alikuwa amechota baadhi ya sifa za mhusika kwake, akaahidi kubadilisha mwelekeo. Katika sehemu ya Machi 1850, Mowcher anatokea akiwa mwenye huzuni na utu, akimwonya David asidhani kwamba upungufu wa kimo ni upungufu wa akili au wa moyo.

Miaka kadhaa baadaye hali kama hiyo ilijirudia. Mwaka 1863 Eliza Davis, mwanamke Myahudi, alimwandikia Dickens kwamba kwa kumchora Fagin katika Oliver Twist alikuwa amewatendea Wayahudi udhalimu. Mwanzoni Dickens alijitetea. Kisha katika Our Mutual Friend, iliyotoka kwa mfululizo mwaka 1864 na 1865, akamchora Riah, mzee Myahudi mwenye upole. Na katika toleo jipya la Oliver Twist la 1867 akapunguza mahali pengi ambapo Fagin aliitwa kwa jina la kabila lake badala ya jina lake.

Tofauti ya mwitikio huu na ule wa ombi ni bayana. Aombaye hutetea hamu yake. Ashtakiye hutetea heshima yake. Msomaji wa Nell alitaka riwaya impe furaha. Hill na Davis walisema kwamba riwaya ilikuwa imevuka ukurasa na kuingia katika maisha ya watu. Kwa maoni yetu, hapa ndipo wajibu wa mwandishi unapoanza, na Dickens alitenda haki kuwasikiliza.

Haki hiyo, hata hivyo, ilikuwa na gharama ya kisanaa ambayo hatupaswi kuificha. Mowcher wa Machi si wa Desemba. Uhai wa ulimi wake umepungua, na anazungumza kama mtu anayehubiri. Riah naye ni mwema kiasi cha kukosa damu. Ni jibu la barua kabla ya kuwa mtu. Mwanafunzi asiyejua habari ya barua ile ataandika kwamba Mowcher ‘hana uthabiti’, na mtahini atampa alama. Wote wawili watakuwa wameona kovu bila kujua kuna jeraha.

Sahihisho na Enzi ya Intaneti

Aina ya tatu, sahihisho, imeshamiri zaidi katika riwaya za intaneti, ambako muda baina ya sura na mwitikio umepungua kutoka mwezi hadi saa chache. Andy Weir, mtaalamu wa programu za kompyuta nchini Marekani, alianza kuitoa The Martian katika tovuti yake mwaka 2009, sura kwa sura, bila malipo. Miongoni mwa wasomaji wake walikuwamo watu wenye ujuzi wa sayansi, nao walimwonyesha makosa ya kemia na fizikia, akayarekebisha. Tunaona hapa kwamba dhamira yenyewe ndiyo iliyoita aina ya mwitikio. Riwaya inayosema kwamba mtu aliyeachwa peke yake katika sayari ya Mars, Mark Watney, anaweza kuokolewa na maarifa sahihi, haiwezi kuvumilia maarifa yenye makosa. Wasomaji hawakumbadilisha Watney. Walimfanya astahili kuaminiwa.

Eliezer Yudkowsky alikwenda mbali zaidi. Katika Harry Potter and the Methods of Rationality, iliyotoka kati ya 2010 na 2015 na iliyojengwa juu ya wahusika wa J. K. Rowling, alimfikisha Harry katika hatari kuu mwishoni mwa Februari 2015, kisha akawapa wasomaji saa 60 watafute njia ya kumwokoa; wakishindwa, riwaya ingekuwa na mwisho mfupi na wa huzuni. Njia ilipatikana, na riwaya ikaendelea. Je, si huu uandishi mwenza? Tunakataa. Mwandishi ndiye aliyetunga swali, aliyeweka masharti na aliyesahihisha majibu. Mtahiniwa hawi mtungaji wa mtihani kwa kuufaulu.

Mfano wa John McCrae, aandikaye kwa jina la Wildbow, unaonyesha upande wa pili. Riwaya yake Worm, yenye maneno zaidi ya milioni 1.6, ilitoka katika intaneti kuanzia 2011 hadi 2013, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. Mhusika mkuu, Taylor Hebert, ni msichana aliyeonewa shuleni, mwenye uwezo wa kuwaongoza wadudu, ambaye kila hatua mbaya aichukuayo huihalalisha kwa nia njema. Wasomaji walimweka kizimbani sura baada ya sura: wengine wakimtetea, wengine wakimhukumu. McCrae ameeleza kwamba katika pambano kubwa na Leviathan alirusha dadu ili kuamua ni wahusika gani wangekufa. Tunaifasiri dadu hiyo kama kinga dhidi ya ombi: mwandishi anayewasikia wasomaji kila siku anahitaji kitu kisichosikia.

Mkwaju na Hadhira Iliyopangwa

Afrika Mashariki si ngeni kwa masuala haya. Magazeti ya Kiswahili ya Tanzania yamechapa hadithi nyingi za mfululizo, zikiwamo za Eric Shigongo. Lakini kielelezo chenye mafunzo zaidi kinatoka redioni. Twende na Wakati, iliyoanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993, ilishughulikia upangaji uzazi na UKIMWI kupitia wahusika kama Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia, na mkewe Tunu. Ni mchezo, si riwaya, tunakiri. Hata hivyo, katika mchezo huu mwitikio haukusubiriwa bali ulipangwa. Kulikuwa na wahusika wa kuigwa, wa kuepukwa na wa kubadilika hatua kwa hatua, na Mkwaju aliumbwa ili msikilizaji ajifunze kutokana na maangamizi yake. Kwa hiyo tunapata swali ambalo riwaya za intaneti bado hazijalijibu: je, mhusika aliyeumbwa kwa ajili ya mwitikio fulani ana uhuru wa kutushangaza?

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mwitikio wa wasomaji katika riwaya ya mfululizo una daraja. Ombi linastahili kusikika bila kutiiwa. Sahihisho linastahili kupimwa kwa kigezo cha dhamira ya kazi. Shtaka linastahili jibu, hata likigharimu sanaa. Msomaji hamiliki mhusika, lakini naye mwandishi hammiliki peke yake pindi mhusika huyo anapobeba sura ya mtu aliye hai.

Kwa wahakiki wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa kiutendaji. Baadhi ya barua za wasomaji wa Dickens na Sue zilihifadhiwa, ndiyo maana tunaweza kuyasoma makovu. Mwitikio wa leo hufutwa kwa kidole kimoja, na mwandishi anaweza kuirekebisha sura ya jana bila kuacha alama. Idara zetu hazina budi kuanza kuhifadhi kile ambacho wasomaji wa Kiswahili wanasema kuhusu hadithi za mfululizo wakati zingali zinatoka. Tusipofanya hivyo, watakaotufuata watapokea matini safi, laini, zisizo na kovu, na watadhani kwamba hakuna aliyelia.